Wanaofunza kompyuta wafunze na linki, sio kukopi tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe ya moyoni. Mimi nina kiduka cha kutoa picha na kuskani hapa Langoni, Lamu, kompyuta mbili tu zote za Linux, na kila Maulidi vijana wenye kamera wananijazia diski mpaka inakataa. Juzi nikasema hebu nitizame ni nini kinachokula nafasi, kumbe foda ya Maulidi, giga 40, iko mara tatu! Na ukirekebisha picha huku, kule imebaki ile ya zamani, mteja kachapishiwa sura nyeusi tii akaja kunigombeza mbele ya watu.

Nikawauliza mbona mwakopi, wakanambia ndivyo tulivyofunzwa. Hapo ndipo naumia, maana linki, yaani jina la pili linaloelekeza kwenye foda ile ile bila kuikopi, ni mstari mmoja tu kwenye teminali, pale unapoandika amri:

ln -s /data/maulidi ~/maulidi

Foda ya kweli kwanza, jina jipya baadaye (hiyo ~ ni foda yako ya nyumbani), kama vile kwenye cp, amri ya kukopi (mimi mwenyewe nilikuwa naigeuza kila siku). Nafasi haili, na ukipiga ls -l waona kimshale kinachoonyesha inakoelekea. Ukitaka kuiondoa ni rm maulidi basi, ni kama kuvunja wikio, lile daraja la juu la kuunganisha nyumba mbili, nyumba zabaki zimesimama. Lakini usiweke slashi (/) mwishoni, na ukiongeza na -r, ile ya kufuta foda na vilivyomo, hapo waweza kukomba picha zenyewe, shauri yako.

Kilichonisumbua zaidi ni njia fupi, yaani anwani ya foda isiyoanza na slashi. Nilisimama ndani ya /data nikaandika ln -s maulidi ~/picha, linki ikatoka nyekundu, imekufa. Kwani linki haijui wewe umesimama wapi, yenyewe imeshika maandishi tu na inayasoma kuanzia pale ilipo, sasa ikawa yatafuta maulidi ndani ya foda yangu ya nyumbani, ambako haipo. Andika njia nzima kuanzia slashi ya kwanza, utalala usingizi. Na usirudie amri ile ile mara mbili, ya pili itaingia ndani ya foda yenyewe, wakuta maulidi ndani ya maulidi, labda uweke ln -sfn, inayobadilisha linki iliyopo.

Walimu, nusu saa yatosha kulifunza hili. Flashi tu ndio waacheni wakopi, zile zilizopangwa kwa FAT, mpangilio wa kuhifadhi mafaili, hazikubali linki.

Mwenye kiduka, Langoni, Lamu