Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo Zanzibar: Kijana apewe dakika kwanza, ndipo apimwe

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum.

Nakuandikia kutoka Chake Chake, Pemba. Kila siku baada ya sala ya Alasiri nafundisha mpira wa kikapu vijana thelathini na kitu, kwenye uwanja wa saruji wenye magoli mawili, moja limepinda. Goli jipya nalihitaji, lakini silo lililonifanya nishike kalamu. Nataka kusema nawe juu ya namna tunavyowapima wachezaji wetu.

Mwaka jana nilimpeleka mjini kijana wangu mmoja akajaribiwe na timu. Tulipanda boti Mkoani, yeye hajalala usiku kucha. Alikuwa na miaka 16, amenipita urefu, na mikono yake akiitandaza ni mirefu kuliko kimo chake. Alikaa benchi mpaka majaribio yanakaribia kwisha, akaingizwa dakika sita kati ya watu wazima wanaojuana kwa miaka. Alipoteza mpira mara mbili, akakosa mtupo mmoja, akachukua ribaundi tatu, yaani mipira iliyokosa goli. Akaambiwa: bado mbichi. Nafasi ikapewa mchezaji wa kulipwa wa miaka thelathini na mbili, aliyeletwa kutoka bara kwa msimu mmoja. Msimu ukaisha, yule bwana akarudi kwao na fedha zake za halali, na timu ikaanza kutafuta mwengine.

Yule mchezaji simlaumu hata kidogo. Nilimtazama mechi mbili nikajifunza kwake mimi mwenyewe, namna anavyoweka mguu wa nyuma kabla hajageuka, namna anavyomwita mwenzake kwa jicho. Mtu kama huyo ana thamani yake na anastahili kulipwa. Ninachokilalamikia ni kwamba walitiwa kwenye mzani mmoja, yeye na kijana wangu. Yeye alipimwa kwa aliyokwisha kuyafanya. Kijana naye akapimwa kwa hayo hayo, na kwa kuwa hajapewa nafasi ya kuyafanya, mzani haukusogea. Sisi huku Pemba ni watu wa karafuu, Mheshimiwa. Mche wa mkarafuu unaulea miaka sita, saba, nane kabla hujaupandia. Hakuna mkulima anayekwenda kitaluni kuuliza mche umetoa pishi ngapi. Anatazama jani, anatazama shina, anatazama mzizi umekaaje, kisha anaamua.

Wenzetu walioendelea katika mchezo huu nao suala hili limewahangaisha, na wameshalipa gharama ya kukosea pande zote mbili. Katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kila mwaka timu huchagua vijana wapya kwa zamu. Mwaka 1996 timu ya Los Angeles Lakers walimtoa Vlade Divac, senta (mchezaji mrefu wa chini ya goli) anayejulikana ligi nzima, ili wampate Kobe Bryant, aliyekuwa amechaguliwa wa 13 na Charlotte Hornets. Kobe alikuwa na miaka 17, ametoka skuli moja kwa moja. Msimu wa kwanza alicheza wastani wa dakika 15 na ushei kwa mechi na kufunga pointi 7.6. Divac angefunga zaidi. Kisha ikaja Mei 1997, mechi ya mtoano na Utah Jazz. Katika dakika za mwisho na muda wa nyongeza, kijana yule alitupa mipira minne ambayo haikugusa hata chuma. Lakers wakatolewa. Mimi husimama hapo kila ninapowasimulia wanafunzi wangu, kwa sababu swali langu ni hili: baada ya mtupo wa pili, kwa nini kocha hakumtoa? Alimwacha uwanjani. Kobe alishinda ubingwa mara tano, wa kwanza mwaka 2000, miaka mitatu tu baada ya usiku ule.

Mfano mwengine unaoniuma zaidi ni wa Brooklyn Nets. Mwaka 2013 waliwachukua Kevin Garnett mwenye miaka 37 na Paul Pierce mwenye miaka 35, magwiji wawili, kutoka Boston Celtics. Kwa kubadilishana wakaitoa haki yao ya kuchagua kijana katika raundi ya kwanza ya uchaguzi wa miaka ya 2014, 2016 na 2018, na Boston wakapata pia haki ya kubadilishana nao zamu mwaka 2017. Nets walivuka hatua moja ya mtoano, basi. Boston, kwa zile zamu walizozipata, wakaishia na Jaylen Brown na Jayson Tatum, na mwaka 2024 wakawa mabingwa. Nets walinunua jina lililokwisha kufanya kazi yake, wakalipa kwa watoto ambao hawajawaona.

Lakini nitakuwa mwongo nikikwambia kijana daima hulipa. Mwaka huo huo wa 2013, wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Anthony Bennett, na hakudumu NBA zaidi ya misimu minne. Wa 15 alikuwa Giannis Antetokounmpo, kijana mwembamba aliyekuwa akicheza daraja la pili Ugiriki, ambaye aliendelea kurefuka hata baada ya kuchaguliwa. Giannis akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2019 na 2020, na bingwa mwaka 2021. Nikola Jokić alichaguliwa wa 41 mwaka 2014 na tuzo ya mchezaji bora ameichukua mara tatu. Na sisi Watanzania tunaye Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Tulifurahi sana siku ile, na heshima yake ya kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA haiondoki. Lakini waliomchagua walitazama mita zake mbili na zaidi, na mchezo wenyewe alikuwa ameuanza akiwa kijana mkubwa tayari, amechelewa kuliko wenzake. Urefu peke yake ulipimwa, na urefu peke yake hautoshi.

Kwa hiyo kupima kijana ni kazi, Mheshimiwa, na inataka siku, haitaki dakika sita. Mimi naanza na umri, tena umri wa kweli wa cheti cha kuzaliwa, kwa sababu miaka 16 na miaka 19 si kitu kimoja. Natazama mitupo huru, ile anayotupa bila kuzuiwa baada ya kuchezewa faulo. Mtoto anayefunga mitupo huru vizuri mkono wake uko sawa, na kutupa kutoka mbali kutakuja baadaye. Natazama miguu anapolinda, je anateleza pembeni au anakimbia nyuma ya mtu? Natazama anachokifanya sekunde tatu baada ya kupoteza mpira. Wapo wanaoinamisha kichwa, wapo wanaogeuka kurudi kulinda. Na kubwa kuliko yote, namfundisha kitu kimoja kipya Jumamosi, kisha naangalia Jumamosi mbili mbele kama kimeingia mwilini mwake. Yule wangu niliyemrudisha na boti ile ile, nilimfundisha kutumia mkono wa kushoto chini ya goli. Wiki ya tatu alikuwa akifunga bila kuufikiria. Hilo nani mjini angeliona, kwa dakika sita?

Afrika tayari tunao mfano wa kuiga. Ligi ya Kikapu Afrika, BAL, ilianza Kigali mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikaanza utaratibu wa kuweka kijana mmoja wa akademia ya NBA katika kila timu. Mmoja wa vijana hao ni Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, ambaye alicheza BAL na City Oilers ya Kampala. Akiwa na miaka 17 aliichezea Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Mwaka 2025 alichaguliwa wa 10 kuingia NBA. Hakuna timu iliyolazimishwa kumfukuza mzoefu wake. Walilazimishwa tu kuwa na nafasi moja ya mtoto, na huyo mtoto akafanya mazoezi kila siku pembeni ya watu wazima wanaolipwa.

Hiki ndicho ninachokuomba, na kiko ndani ya uwezo wako. Mashindano yoyote ya kikapu yanayopata fedha ya Serikali, Unguja na Pemba, yawe na sharti kwamba kila timu isajili wachezaji watatu walio chini ya miaka 20, na mmoja wao awe uwanjani robo ya pili yote ya mechi. Robo moja. Afanye makosa yake mbele ya watu, kocha asiwe na njia ya kumficha. Mchezaji wa kulipwa anayetoka nje aendelee kuja, karibu sana, lakini mkataba wake uandikwe kwamba saa mbili kwa wiki anafundisha vijana, aache kitu anapopanda boti. Na majaribio ya timu ya pamoja ya Zanzibar yafanyike wiki mbili, sehemu yake iwe huku Pemba, kwa kuwa nauli ya boti kwenda na kurudi inawaacha nyumbani vijana wengi ambao hamtawasikia kamwe.

Wasichana nisiwasahau, maana wao wanaumia zaidi. Shirikisho la kimataifa, FIBA, liliruhusu kufunika kichwa katika mechi zake tangu mwaka 2017, kwa hiyo hijabu haiwezi tena kuwa sababu ya mtu kumwambia mtoto wa kike akae. Ninao saba. Mmoja anapiga pasi ambazo wavulana hawazioni mpaka zimewafika kifuani. Sharti la robo ya pili liwahusu na wao, neno kwa neno.

Ukija Pemba kwa ziara yoyote, Mheshimiwa, tenga saa moja baada ya Alasiri. Huhitaji msafara wala turubai. Njoo usimame kando ya uwanja, nitakupa daftari langu lenye majina, umri na alama za miezi kumi na nne. Kijana niliyekusimulia sasa ana miaka 17, na mitupo huru anatupa hamsini kila jioni kabla sijafika.

Wako mwaminifu,
Kocha wa vijana, Chake Chake, Pemba