Kabla hujawaonyesha wanafunzi ule mchezo wa Griffith

Hamisi ndugu yangu,

Salaam nyingi. Natumaini nyumbani hamjambo wote na mama mkwe ameshapata nafuu. Huku sisi wazima, Zuhura anakusalimu. Salamu zenyewe nazifupisha, maana ujumbe wako kwamba Jumamosi utawaonyesha wanafunzi No Time for Sergeants, ule mchezo wa televisheni wa Andy Griffith, umenifurahisha na kunitia wasiwasi papo hapo.

Kwanza hakikisha unayo yenyewe. Ipo filamu ya 1958 yenye jina hilohilo, lakini ile ni ya sinema. Unayoitaka ilirushwa moja kwa moja na ABC, kituo cha televisheni cha Marekani, tarehe 15 Machi 1955, katika kipindi cha michezo cha The United States Steel Hour. Ira Levin ndiye aliyeitoa kwenye riwaya ya Mac Hyman, na Alex Segal akaiongoza. Tena usiwaambie kuwa ndiyo mara ya kwanza Andy Griffith kuonekana kwenye televisheni. Mwaka 1954 alishatokea kwenye kipindi cha burudani cha Ed Sullivan, akisimulia visa vyake peke yake. Kilichokuwa kigeni kwake ni kubeba mchezo mzima kwenye televisheni, bila nafasi ya kurudia.

Na ugumu wenyewe uko hapo. Kamera za wakati ule zilikuwa na lenzi nne kwenye sahani ya kuzungusha kwa mkono. Huwezi kuizungusha sahani hiyo kamera ikiwa hewani, watazamaji wote wataona. Mwongozaji anahamia kamera nyingine, hii inabadili lenzi na kusogea, ndipo anairudia. Muigizaji akisimama hatua moja nje ya alama yake sakafuni, uso unaingia ukungu, au kivuli cha maikrofoni kinampita kwenye paji. Na Griffith, akiwa Will Stockdale, yule kijana wa shamba aliyeingizwa jeshini, kuna wakati anazungumza na mtazamaji mwenyewe, kisha anarudi kwa wenzake na kuendelea na tukio.

Halafu kuna kicheko. Hili ndilo ninalotaka walione kuliko yote. Mchezo wa huzuni ukiupima muda mazoezini, hewani utakwenda karibu vilevile. Vichekesho unavipima bila watazamaji, kisha watu wanakuja na kucheka. Vicheko 60 vya sekunde tatu tatu ni dakika tatu nzima, na kipindi cha saa moja chenye matangazo ndani hakina dakika tatu za kuchezea. Ndiyo maana msimamizi wa jukwaa alisimama kando ya kamera akitoa ishara: kuvuta mikono kama anayenyoosha mpira maana yake punguza mwendo, kidole kinachozunguka maana yake harakisha. Muigizaji akikimbilia sentensi inayofuata, kicheko kinaimeza na utani wake unapotea. Akingoja mno, mwisho wa mchezo unakatwa. Wasimamishe hapo, wahesabu sekunde za kila kicheko, wamtazame Griffith anafanya nini na macho na mikono anapongoja.

Picha itawakera, waandae. Mashine ya kampuni ya Ampex ya kurekodi picha kwa tepu ilionyeshwa 1956, kwa hiyo mchezo huu ulihifadhiwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini. Televisheni ya Marekani ilitoa picha 30 kwa sekunde na filamu inapokea 24, ndiyo maana mwendo unashtuka kidogo, na sehemu zenye giza zinameza sura. Wasije wakamlaumu Segal kwa taa mbaya. Usiivute picha ijaze ukuta pia. Uwiano wake ni 4:3, uache weusi pembeni, la sivyo watu wote watanenepa.

Nikirudi kwenye kicheko: mchezo uliingia kwenye jukwaa la Broadway, New York, 20 Oktoba mwaka uleule, ukachezwa mara 796. Kule muigizaji anangoja watu wamalize kucheka na hakuna tangazo linalomsukuma. Ukiwapa tofauti hiyo tu watakuwa wamepata… lakini wewe mwalimu, unajua zaidi.

Sasa niambie, nakala yako ni ile ya kampuni ya Criterion ya 2009 au ya kuokoteza? Lafudhi ya kusini mwa Marekani wataifuata, au utawatafsiria kabla? Ukumbi una spika za maana, maana vicheko vyenyewe lazima visikike? Na yule binti wa vichekesho uliyenisifia, atakuwepo? Zuhura naye anauliza kitabu chake utakirudisha lini.

Wako,
Idi