Kabla ya kushika koleo, semeni tope litapelekwa wapi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie siku za mtaa, zile zinazopangwa kila majira ya kuchipua yanapoingia: usafi wa pamoja, upandaji miti, meza za kubadilishana vitu, michezo ya watoto, majirani kula pamoja jioni. Sisi ni waratibu wa shughuli hizi na tuna jambo moja la kusema. Siku za mtaa hupangwa kuanzia ufunguzi: nani atakaribisha wageni, nani atashika kipaza sauti, fulana ziwe za rangi gani. Zingepangwa kuanzia kesho yake, malalamiko mengi yasingesikika.

Tuanze na mitaro, maana ndiko kunakoharibika zaidi. Watu wanachimbua tope asubuhi nzima, wanalirundika ukingoni, wanapiga picha, wanaondoka. Tope likikauka linakuwa vumbi. Mvua ya kwanza ikinyesha linarudi lilikotoka, safari hii likiwa na kokoto za barabarani na mabaki ya viroba vilivyochanika. Kilichokosekana hapo ni hesabu ya dakika tano. Pimeni urefu wa mtaro, upana wake, na kina cha tope lililomo (chomeka kijiti mpaka kigonge sakafu, katika sehemu nne au tano, kisha tafuta wastani). Mtaro wa mita 100, upana sentimita 40, tope sentimita 15, una mita za ujazo 6 za tope. Mita moja ya ujazo ya tope bichi ina uzito wa tani moja na nusu hadi karibu mbili. Kwa hiyo mna mzigo wa tani 9 hadi 12.

Toroli likipakiwa kwa kiasi, bila kumwaga njiani, hubeba kama lita 60. Hizo ni safari 100. Mkiwa na toroli tano, kila moja itakwenda mara 20, na ikiwa kupakia, kwenda, kumwaga na kurudi kunachukua dakika 8, mtafanya kazi saa mbili na dakika 40 bila hata kunywa maji. Halafu kuna gari. Lori dogo la tani 3 litapaswa kwenda na kurudi mara tatu au nne. Mliolipia safari moja mtabaki na theluthi mbili ya tope, au zaidi, mkilitazama.

Gari na mahali pa kumwaga viwe vimethibitishwa wiki mbili kabla, tena kwa kuzungumza na mamlaka inayohusika na taka, maana tope la mtaroni halimwagwi popote tu penye uwazi. Gari likikosekana, punguzeni urefu wa kazi. Mita 30 zilizokwisha kabisa zina faida kuliko mita 100 zenye vichuguu pembeni. Na anzieni upande wa chini, maji yanakoelekea, mkipanda juu. Mkianzia juu, maji yatatuama mbele yenu na mtakuwa mnachota uji badala ya tope.

Viroba navyo vina mtego wake. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukijazwa tope bichi mpaka mdomoni unafika kilo 60 hivi, na ndoo ya lita 20 hupita kilo 30. Kijana atanyanyua mara tatu kwa sifa, ya nne mgongo unakataa. Jazeni nusu. Wanaochota wapokezane na wanaosukuma kila baada ya dakika 20, na anayepiga sururu asiwe na mtu ndani ya mita mbili kutoka kwake.

Buti za mpira na glavu nene si mapambo. Maji ya mtaroni huwa na mkojo wa panya, nao hubeba vimelea vinavyoingia kupitia vidonda na michubuko. Mwenye kidonda mguuni apewe kazi ya juu: kuandika idadi, kugawa maji, kuelekeza gari. Sindano na vipande vya chupa visiokotwe kwa mkono, hata wenye glavu. Tumieni kibano kirefu, na sindano ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kusokota. Mfuko wa taka hauzuii sindano, itamchoma anayebeba. Atakayechomwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kukikamua, na aende kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kinga zikichelewa hazifai kitu.

Siku hiyo pia wapelekeni watu wawili wawili wapite kutafuta maji yaliyotuama kwenye matairi, makopo, visahani vya maua na mapipa yasiyo na vifuniko. Kumwaga tu hakutoshi. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yapande tena. Chombo kisuguliwe kwa brashi ngumu ndani pande zote. Kwenye joto, yai hufika kuwa mbu kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi, kwa hiyo zoezi hili lina maana likirudiwa kila wiki. Watoto wa miaka 10 na kuendelea hulifanya vizuri kuliko watu wazima, ambao husimama kupiga soga kila kona.

Meza ya kubadilishana vitu ni rahisi, ila ina sheria moja ambayo watu huona haya kuitamka: kisichochukuliwa kinarudi na mwenyewe. Sheria hiyo isipoandikwa kwenye tangazo, mratibu atabaki jioni na marundo ya nguo zilizopauka na kompyuta zisizowaka. Wekeni kikomo, tuseme vitu kumi kwa kaya, na mtu mmoja wa kukagua mlangoni. Kofia za baiskeli zilizowahi kugongwa zikataliwe hata kama zinang'aa, kwa kuwa povu la ndani likishabonyea halirudi, na mara ya pili halitamkinga mtoto. Viti vya watoto vya kwenye gari vilivyopata ajali ni hivyohivyo. Vifaa vya umeme vichomekwe palepale vionekane vinafanya kazi. Waya uliokatika ukazungushiwa utepe usipite.

Maturubai yanastahili sentensi chache zaidi, kwa sababu yanaumiza watu. Lile la kukunjwa la mita 3 kwa 3 linahitaji uzito wa kilo 18 hadi 20 kwenye kila mguu. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina kilo 20. Manne yanatosha, na jioni maji hayo yanamwagilia miti. Kamba ifungwe juu ya nguzo, ikazwe, dumu likae chini. Ikifungwa kwenye unyayo wa nguzo, upepo unainua paa na kuvunja viungo. Matofali mawili yaliyowekwa juu ya unyayo hayazuii kitu. Achaguliwe mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema turubai lishushwe, na akisema lishushwe bila mjadala. Jenereta likae mbali na turubai na madirisha, upande ambao upepo unapeleka moshi nje, maana moshi wake una gesi inayoua bila kunusika. Chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi joto 60, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichokaa wazi kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili kisifungwe cha kubebea nyumbani. Hapo ndipo matumbo yanapoharibika, na lawama huenda kwa mpishi asiye na kosa.

Kuhusu tangazo: liandike saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Watu wanaogopa kazi isiyo na mwisho, wala si kazi yenyewe. "Saa 2 hadi saa 5 asubuhi, njoo na buti na koleo" litaleta watu wengi kuliko "wote mnakaribishwa". Litaje pia siku ya akiba endapo mvua itanyesha, na nani atakayetangaza mabadiliko, kabla ya saa ngapi.

Tumeiacha miti mwisho kwa sababu ndiyo inayopigiwa makofi zaidi na kufa zaidi. Miche mingi huuawa siku ileile ya kupandwa. Shimo linachimbwa refu kama la nguzo, udongo uliolegezwa unarudishwa chini, mche unakaa juu yake. Maji yakiingia udongo unatitia na mche unazama, shina linafukiwa, gome linaoza. Kina cha shimo kilingane na urefu wa bonge la mizizi, kisizidi. Upana ndio uwe mkubwa, mara mbili au tatu ya bonge. Pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi paonekane juu ya ardhi baada ya kufukia. Pasipoonekana, ng'oa upande upya.

Kiriba, yaani mfuko wa plastiki mche uliokuzwa ndani yake, kiondolewe chote. Tunasema chote kwa sababu wako wanaopasua kitako tu na kuacha plastiki pembeni, na mizizi inaendelea kuzunguka humo. Ukikuta mizizi imeshajizungusha kama kamba, ikate wima kwa kisu kikali sehemu tatu au nne. Itachipua kuelekea nje. Isipokatwa, miaka ijayo itaukaba mti wenyewe. Shimo lifukiwe kwa udongo uleule uliotoka, bila samadi mbichi, ambayo huunguza mizizi michanga. Matandazo ya majani makavu au vipande vya mbao yawe na unene wa sentimita 5 hadi 8, yaache nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Ule mlima wa matandazo unaoegemea shina hukaribisha ukungu na wadudu. Kijiti cha kuegemeza kifungwe kwa kitambaa kilicholegea, na kiondolewe baada ya mwaka. Kabla ya kuchimba popote, ulizeni mabomba na nyaya za chini ya ardhi zinapita wapi, na mti wa kurefuka usipandwe chini ya waya wa umeme.

Miche isiachwe juani ikimsubiri mgeni wa heshima anayechelewa hadi saa 6. Mizizi iliyo wazi hukauka kwa dakika chache tu. Mgeni akichelewa, mwachieni mche mmoja kivulini.

Kisha hesabu ya mwisho, ambayo ndiyo tunayoombea nafasi gazetini. Miche 40, lita 15 kila mmoja, mara mbili kwa wiki pale mvua inapokosekana, ni lita 1,200. Hayo ni madumu 60 kila wiki, kwa msimu mzima. Nani atayabeba? Kama mtaa una watu wa kubeba madumu 30, pandeni miche 20 na msione aibu. Kila mche upewe kaya, namba ya nyumba iandikwe kwa rangi ya mafuta kwenye kibao, na pawe na kaya ya pili ya kushika zamu endapo ya kwanza itasafiri. Maji yamwagwe taratibu mpaka yazame. Ndoo ikimwagwa kwa mkupuo nusu yake inakimbilia barabarani. Na ratiba ya zamu ibandikwe palepale, watu wangali na udongo mikononi, maana wakishanawa hamtawapata tena.

Ni sisi,
Waratibu wa shughuli za mtaa