Aliyeiba boti si lazima awe ndiye aliyeua

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mauaji ya kisiwa cha Palmyra ilimaliza kwa kusema kwamba mwanamke aliyeshtakiwa alikwepa adhabu kwa sababu alipata wakili mwenye ulimi mtamu. Tunaofanya kazi ya utetezi katika kesi za mauaji tunaomba nafasi ya kupinga hilo. Mashtaka yale hayakushindwa kwa ulimi. Yalishindwa kwa kutenganisha mambo mawili ambayo wasomaji wenu, na wakati mwingine hata mawakili, huyachanganya: kosa la wizi na kosa la mauaji.

Tukumbushe kwanza mambo yalivyokuwa. Palmyra ni kisiwa cha matumbawe katika Bahari ya Pasifiki, yapata kilomita 1,600 kusini mwa Honolulu, Hawaii, na mwaka 1974 hakikuwa na wakazi wa kudumu. Mume na mke kutoka San Diego walitia nanga na boti yao ya matanga, Sea Wind, iliyokuwa imara na imesheheni chakula na zana. Mwanamume mwingine na mpenzi wake walikuja na Iola, boti iliyokuwa ikivuja, na akiba yao ya chakula ilikuwa ikiisha. Mawasiliano ya mwisho ya redio kutoka kwa wenye Sea Wind yalikuwa tarehe 28 Agosti. Oktoba mwaka huohuo boti yao ilionekana Honolulu ikiwa imepakwa rangi nyingine, na waliokuwa nayo ni wale wageni wa Iola. Mwaka 1975 mwanamke akatiwa hatiani kwa wizi wa boti. Mauaji hayakushtakiwa, kwa kuwa maiti hazikuonekana. Januari 1981 mifupa ikapatikana ufukweni kando ya sanduku la alumini la zama za Vita Kuu ya Pili, na meno yakathibitisha kuwa ni ya yule mke. Mumewe hajaonekana hadi leo.

Kazi ya awali ya utetezi huwa haionekani magazetini, nayo ndiyo hubeba kesi. Mashtaka ya mauaji ya wale wageni wawili wa Iola yalisikilizwa katika kesi mbili tofauti: ya mwanamume mwaka 1985, ya mwanamke mwaka 1986. Wakikaa kizimbani pamoja, kila neno baya linalomhusu mmoja humrukia mwenzake, na wakili wa mmoja hawezi kusema wazi kwamba muuaji ni yule aliyeketi pembeni bila kuwageuza washtakiwa wawili kuwa waendesha mashtaka, kila mmoja dhidi ya mwenzake. Kesi ilihamishwa pia kutoka Honolulu kwenda San Francisco, kwa maana Hawaii ilikuwa vigumu kupata raia 12 wa juri, yaani jopo la raia linaloamua kama mshtakiwa ana hatia, ambao hawakuwa wamelishwa habari hizo kwa miaka. Jaji alibaki yuleyule, Samuel King.

Utetezi ulipoteza hoja moja kubwa njiani, na makala yenu haikuitaja. Ulidai kwamba mtu aliyekwisha kuhukumiwa kwa wizi ule hawezi tena kushtakiwa kwa mauaji yaliyotendeka ndani ya wizi huohuo. Mwaka 1983 mahakama ya rufani ilikataa, kwa sababu wakati wa kesi ya wizi upande wa mashtaka haukuwa na maiti wala njia ya kuipata. Wakili akishindwa hapo hapaswi kukata tamaa, ila anajua sasa kwamba wizi utaingia mahakamani wote, kuanzia rangi mpya hadi boti kuonekana bandarini.

Ndipo tunafika kwenye kiini. Hapa kwetu Tanzania mahakama hutumia kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa karibuni, na kanuni hiyo imewatia hatiani watu wengi kwa mauaji. Ina masharti manne: mali ikutwe kwa mshtakiwa, ithibitike kuwa ni ya mlalamikaji au marehemu, iwe imeibwa karibuni, na iwe ndiyo inayohusika na shtaka. Mshtakiwa asipotoa maelezo ya kuaminika, mahakama inaweza kumhesabu kuwa ndiye mtendaji. Pima basi kesi ya Palmyra kwa kipimo hicho: boti ilikutwa kwao, ni ya marehemu, miezi miwili tu imepita. Wakili anayesimama na kukana kila kitu amekwisha. Vincent Bugliosi na mwenzake Leonard Weinglass, mawakili wa mwanamke huyo, hawakukana. Walikubali wizi, kisha wakauliza: ushahidi gani unaonyesha kwamba mwanamke huyu alikuwepo, alijua kabla, au alisaidia, pale mauaji yalipofanyika? Walidai muuaji ni mpenzi wake, na mwanamume huyo alikuwa amekwisha kutiwa hatiani mwaka mmoja kabla.

Tatizo kubwa zaidi la utetezi lilikuwa uongo wa mteja mwenyewe. Katika kesi ya wizi alieleza kwamba Iola ilikwama kwenye mwamba, ndiyo maana wakahamia Sea Wind. Picha zikaonyesha Iola ikiwa baharini, matanga yamepandishwa. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba uongo wa mshtakiwa unaweza kutia nguvu ushahidi wa mashtaka, ingawa peke yake hautoshi kuthibitisha kosa. Kwa hiyo wakili ana njia mbili. Anaweza kumwacha mteja akae kimya, aombe Mungu juri isiukumbuke uongo huo. Au anampandisha kizimbani na kumuuliza yeye mwenyewe, mbele ya wote, kila uongo aliosema na sababu yake, kabla mwendesha mashtaka hajafungua mdomo. Wao walichagua ya pili. Inahitaji maandalizi makali: kila maelezo aliyowahi kutoa polisi na mahakamani yawekwe mezani kwa tarehe, kila sentensi inayopingana na nyingine ipigiwe mstari, na mteja aeleze kila mstari huo mpaka wakili aridhike. Mashahidi nao hupimwa vivyo hivyo. Aliyezungumza mwaka 1975 na akarudi mwaka 1986 amekaa miaka 11 akisimuliwa kisa hicho na wengine. Mwenendo wa kesi ya kwanza, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, ndio mzani wa kumpimia.

Kosa tunaloliona mara nyingi katika kesi za hapa ni wakili kukutana na mteja wake siku chache kabla ya kusikilizwa, akiwa hajasoma maelezo ya onyo (yale mshtakiwa aliyoyatoa polisi baada ya kuonywa) wala maelezo ya mashahidi. Mteja anakana kizimbani alichokiandikisha polisi, wakili anashtuka pamoja na jaji, na hapo kesi imekwisha. Na hapa hakuna juri. Jaji ndiye anayepima ukweli na sheria, kwa hiyo huwezi kutegemea huruma ya raia 12. Adhabu ya mauaji ni kunyongwa.

Jambo la mwisho ni nia ya pamoja. Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinamfunga kila aliyeungana na mwenzake katika kusudi ovu, iwapo kosa lililotendeka ni matokeo yanayotarajiwa ya kusudi hilo. Wanawake wengi hushtakiwa kwa mauaji yaliyofanywa na wanaume wao kupitia mlango huo. Wakili lazima auulize upande wa mashtaka: kusudi hilo lilipangwa lini, wapi, kwa ushahidi wa nani? Kumsaidia muuaji kuondoka baada ya tendo ni kosa jingine, lenye adhabu nyingine, na sheria yetu hata inasema mke hahesabiwi mshiriki baada ya tendo kwa kumsaidia mumewe kuepuka adhabu. Mpenzi asiye mke hana kinga hiyo, lakini hata yeye hageuki kuwa muuaji kwa kupanda boti.

Juri ilikubaliana kwa kauli moja Februari 1986: hana hatia ya mauaji. Kifungo cha wizi alikwisha kukitumikia. Tunaomba katika toleo lijalo msahihishe maneno kwamba alikwepa adhabu, muandike kwamba aliachiwa huru, kwa kuwa ndivyo mahakama ilivyoamua.

Mawakili wa kujitegemea,
Dar es Salaam