Wauza memori kadi Tanga, turuhusuni tuzipime

Mhariri, salaam sana. Naomba kinafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe la moyoni, maana wauzaji wenyewe nimeshaongea nao nikaonekana mkorofi.

Mimi naishi Makorora hapa Tanga, natengeneza redio na TV, na jioni huwa nakaa na vijana wa mtaani tunafundishana kompyuta. Laptopu hazitoshi, ndo nikapata kile kikompyuta kinaitwa Raspberry Pi, ukubwa wake kama kadi ya benki, cha Uingereza, walianza kukiuza 2012 kwa dola 35, ukikichomeka kwenye TV yenye tundu la HDMI ukaongeza kibodi na mausi basi kazi imeisha una kompyuta. Kasheshe yake ni moja, hakina diski ndani. Linux yenyewe, yaani ule mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, unaiweka kwenye memori kadi, zile zile ndogo za simu, kwahiyo kadi ikiwa mbovu kompyuta nzima mbovu.

Basi nikaenda duka moja Ngamiani nikachukua kadi imeandikwa GB 64, elfu kumi na tano. Nikaitia kwenye laptopu, nikashusha Raspberry Pi OS, ndo Linux ya hicho kikompyuta, nikaiandika kwa ile programu yao ya Imager, ikaandika, ikakagua, ikasema safi. Nikahamishia kwenye kikompyuta, taa nyekundu ikawaka, ya kijani ikaanza kupepesa, maandishi yakamiminika kwenye TV vijana wakapiga makofi, alafu ghafla ikaanza kutema makosa ya ext4, ule mpangilio wa Linux wa kuhifadhi mafaili, skrini nzima ikagoma. Nikarudia. Nikabadilisha adapta, maana hivi vitu havitaki chaja hafifu ya simu, Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3 kamili. Nikarudia tena mpaka usiku wa manane, mke wangu akaniuliza hicho kidude kimekuroga au?

Hapo katikati kijana mmoja akanisaidia kuharibu zaidi, masikini hakujua. Aliichukua kadi akaitia kwenye laptopu ya Windows, na Windows haiisomi ile ext4 ya Linux, inaona kile kipande kidogo cha kuwashia tu, kilichobaki inakuuliza nikifomati? Akabonyeza ndio. Kazi ya saa nzima kwisha.

Mwisho nikaipima kwa f3, programu ya bure ya kupima kadi. Kumbe ni GB 8 kasoro! Nane, mhariri, sio 64. Wanachofanya hao watengenezaji feki wanaichezea ile chipu inayosimamia kadi ijitangaze kubwa, ukiandika ndani ya zile nane mambo shwari, ukivuka hapo data inapotea au inaandikwa juu ya ile ya mwanzo na kadi haikwambii kitu. Ndo maana Imager ilisema safi, yenyewe inakagua kile ilichoandika tu na mfumo wote ni GB chache. Ila Linux ikiwaka mara ya kwanza inajitanua ijaze kadi nzima, inasambaza kumbukumbu zake mpaka huko mwisho ambako hakuna kitu, ndo inaanguka siku hiyo hiyo. Ukiitia kwenye simu usingejua leo. Picha zinajaa mdogo mdogo, miezi sita mbele picha za harusi ya dada yako hazifunguki, unalaumu simu na fundi wa simu.

Nikairudisha dukani. Muuzaji akaniambia "fundi, hiyo Linux yako ndo imeua kadi, wenzako wanatia kwenye simu hawalalamiki". Nikamfungulia laptopu nimwonyeshe vipimo, akasema mambo hayo hayajui na mali ikitoka dukani hairudi. Mi simwiti mwizi, inawezekana na yeye kauziwa hivyo hivyo huko anakofungashia mzigo, lakini elfu kumi na tano yangu ndo imeenda.

Sasa ombi langu kwa wenye maduka. Kwenye hiyo f3 kuna kipimo cha haraka kinaitwa f3probe, kinaweza kufuta kilichomo ila kadi mpya ina nini cha kufuta, dakika chache tu umejua kadi ni ya ukweli au la. Nakuja na laptopu yangu, napimia hapo hapo kaunta, ikiwa nzima nalipa. Kama hutaki watu wakujazie duka basi tupe risiti na siku tatu za kurudisha, kwasababu kipimo cha kuijaza kadi yote hakifai dukani, kadi ya Class 10, yaani daraja lake la kasi, inaahidi walau megabaiti 10 kwa sekunde, GB 64 ni karibu saa mbili kuandika tu, kusoma bado. Na ndugu zetu wa Tume ya Ushindani wanaoshughulika na bidhaa bandia, wakija Tanga wafungue na vile vikabati vya vioo vya memori kadi.

Kwa sasa tunaendesha kwa kadi ya GB 16 niliyoitoa kwenye simu yangu ya zamani, inajikongoja ila tangu mwezi jana haijagoma. Ile ya 64 ninayo, nimeiandika 8 kwa maka peni, anayebisha aje nimpimie mbele yake.

Fundi redio,
Makorora, Tanga