Dada, mwachieni mama ndoo yake

Dada yangu wa Wete,

Assalamu alaykum. Nakuandikia hadharani kwa kuwa hili si la kwetu peke yetu. Unguja na Pemba, kila nyumba yenye mzee ina watoto wanaomnyang'anya ndoo mkononi. Mnafanya kwa mapenzi, najua. Lakini mapenzi hayo ndiyo yanayommaliza mama miguu.

Msuli ni fungu la nyuzi nyembamba, na kwa sehemu kubwa idadi yake mtu huzaliwa nayo. Mwanao anapokua haoti nyuzi mpya. Zile zile hunenepa, zikarefuka kuifuata mifupa. Kuna za polepole, zisizochoka upesi, zinazotupeleka sokoni kwa miguu. Na kuna za haraka, zenye nguvu nyingi za muda mfupi: kuruka mtaro, kujiwahi unapoteleza.

Uzee huzianza hizi za haraka. Husinyaa, na neva zinazoziamrisha kutoka uti wa mgongo nazo hufa moja moja. Nyuzi zilizobaki yatima huchukuliwa na neva jirani, mara nyingi za polepole, zikashika tabia ya mlezi mpya. Zisizopata mlezi hufa, na mafuta hujaa mahali pake. Ndiyo maana mama anafika kwa jirani bila tabu, ila akijikwaa tu, yuko chini. Mwaka 1988 watafiti wa Sweden walichunguza misuli ya paja ya wanaume 43 waliofariki wakiwa wazima wa afya: kutoka miaka 20 hadi 80, msuli ulikuwa umepungua kwa asilimia 40 hivi.

Hao hawakuwa wagonjwa. Sasa mweke mtu kitako siku nzima juu ya hilo!

Lakini nyuzi zilizobaki bado zinasikia kazi. Mwaka 1990, Boston huko Marekani, wazee wa miaka 90 hivi, wakaazi wa nyumba ya wazee, walinyanyua vyuma kwa miguu wiki 8. Nguvu zao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Si vijana hao, dada.

Mama hahitaji vyuma. Ile mashine ya kusagia nazi mliyomnunulia, iwekeni kabatini, mrudishieni mbuzi yake. Kukaa chini vile na kuinuka, mara kadhaa kwa siku, ni mazoezi ya mapaja hasa. Kama magoti yanamuuma, daktari ayaangalie kwanza, na mtu akae karibu naye. Ndoo mjazieni nusu, aibebe mwenyewe.

Na chakula cha usiku! Chai na boflo, basi? Msuli wa mzee ni mzito kuipokea protini, hivyo anaihitaji zaidi kuliko kijana wa uzito ule ule. Mpikieni choroko, dagaa, yai.

Ukiwa na la kunipinga, nipigie baada ya Isha. Mchana niko kazini.