Kwa vijana wa kamera wa Arusha: yule mama mliyemwambia anaharibu fremu

Wanangu,

Shikamoo hamkunipa siku ile, nami sidai. Mlikuwa na haraka.

Jumamosi iliyopita nilikuwa pembeni ya soko la Kilombero nikisubiri daladala. Mkaja na kamera mbili, droni, na chalii mmoja aliyevaa kofia iliyoandikwa "Dairekta". Palikuwa na mama anauza mchicha kwenye kiroba chake. Mkamwambia, "Mama sogea, unaharibu fremu." Akasogea. Kisha mkachukua mafungu yake na kumketisha palepale dada mwenye kucha za bandia, aigize muuza mchicha! Fungu akalishika kwa majani, mizizi juu, kama kuku anayepelekwa kuchinjwa. Soko zima likacheka, nanyi mkadhani kazi imenoga.

Mimi nimeendesha sinema ya gari miaka mingi, nikitundika shuka jeupe kwenye viwanja vya shule, kuanzia Usa River mpaka Monduli. Filamu zenyewe nilishazikariri, kwa hiyo nilikuwa natazama migongo ya watu. Mtu akijiona pale kwenye shuka, mgongo unainama mbele. Akiletewa mambo yasiyomhusu, anaegemea nyuma na watoto wanaanza kukimbizana. Ninyi mnahesabu waliobonyeza, migongo hamjaiona.

Kulikuwa na mzee wa Senegal, mtengeneza filamu Ousmane Sembène, aliyezaliwa Ziguinchor mwaka 1923. Kabla ya kushika kamera alikuwa kuli wa bandari kule Marseille, akabeba mizigo mpaka akavunjika mgongo. Akaandika vitabu kwa Kifaransa. Aliporudi Afrika akaona kwamba watu anaowaandikia hawawezi kuvisoma. Akaenda Moscow kujifunza filamu, mwaka 1962, akikaribia miaka 40! Ninyi mna miaka 22 na mnalia kwamba mmechelewa.

Mwaka 1963 akatoa filamu fupi, ya dakika kama 20 hivi. Inamhusu nani? Mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Mwaka 1968 akatoa Mandabi, kwa Kiwolofu. Mtu hana kazi, ana wake wawili, mpwa wake aliye Paris anamtumia hawala ya posta. Hela ipo, lakini haitoki bila kitambulisho, na kitambulisho hakitoki bila karatasi nyingine. Basi, hadithi ndiyo hiyo. Hakuna bastola wala jumba la kifahari. Nilipoonyeshwa na mjukuu wangu kwenye laptopu nilicheka, halafu nikanyamaza, maana nami nimewahi kuzungushwa na ofisi moja miezi minne kwa sababu ya herufi moja ya jina langu. Nchi zetu zinapenda karatasi kuliko mtu aliyeibeba. Hiyo peke yake ni filamu tatu, na hakuna anayeipiga.

Huyo Sembène alitumia watu wengi ambao hawakuwahi kuigiza kabisa. Angefika Kilombero, mama angebaki kwenye kiroba chake, na dada wa kucha angeshika mwavuli.

Na lugha pia. Filamu yake ya Ceddo, ya mwaka 1977, ilizuiwa Senegal, na sababu iliyotolewa ni kwamba ameandika d mbili kwenye jina hilo, serikali ya Rais Senghor ikitaka moja. Hakuiondoa hiyo d. Ninyi mna Kiswahili kinachoeleweka kuanzia Namanga mpaka Mtwara, lakini wahusika wenu wakikasirika tu wanahamia Kiingereza. Nani kawaambia hasira yetu haina maneno?

Mengine nayapitia tu. Andikeni mswada kabla ya kukodi kamera. Sauti ikiharibika, picha haiokoi kitu. Tunzeni nakala mbili, mahali pawili. Walipeni waigizaji siku mliyowaahidi. Someni. Msichoke mapema: filamu ya Moolaadé mzee yule aliitoa mwaka 2004, akiwa na miaka 81.

Siwachukii, wanangu. Yule wa kofia ana jicho. Nilimwona akipiga magoti kusubiri mwanga ugeuke, na hilo hafundishwi mtu kwa siku moja.

Ila mafungu ya mchicha yalikuwa sita. Mliyaacha juani, yakanyauka, na hamkulipa hata moja. Mama nimemuuliza, anasema hukaa palepale kila siku isipokuwa Jumapili.